Mto wa Barafu Uitwao Speke, na Asili ya Jina Lake



Sisi tukaao Mirongo twajua mto ni kitu gani. Mto Mirongo wapita katikati ya Mwanza, kati ya vilima vya mawe, hata ukaingia ziwani. Wakati wa kiangazi huwa mwembamba. Mvua zikinyesha milimani huja kwa kishindo na kuchukua kila kilichosahauliwa kando yake. Ni mto mdogo, lakini una jina, na kila mtoto wa mtaa alijua jina hilo kabla hajajua kusoma.

Basi leo twataka kuwaeleza habari za mto mwingine mdogo, ambao hautoi sauti wala hauvuliwi samaki, kwa kuwa ni barafu tupu. Mto huo uko juu ya milima ya Ruwenzori katika nchi ya Uganda, zaidi ya maili 250 kutoka hapa petu, upande wa kaskazini na magharibi. Wachora ramani wameuita kwa jina la Speke. Na huyo Speke ni mtu aliyesimama hapa Mwanza mwaka 1858 na kulitazama ziwa letu. Lakini milima ile hakuikanyaga hata siku moja, na barafu yake hakuiona. Jina lake lilipandaje huko juu? Nani alilipeleka, na kwa haki gani? Hayo ndiyo tutakayoyatafuta leo.

Kwanza yafaa tueleze mto wa barafu ni kitu gani, maana wengi wetu hatujauona. Katika nchi yetu twajua mvua ya mawe, iangukayo ghafula na kuharibu mtama na pamba, kisha ikayeyuka kabla watoto hawajashiba kuichezea. Mahali palipo juu sana, penye baridi usiku na mchana, maji ya mawinguni huanguka kama unga mweupe, nao ndio theluji. Pasipo joto la kuiyeyusha, theluji ya mwaka huu hulala juu ya theluji ya mwaka jana, na ile ya chini hugandamizwa kwa uzito hata ikawa barafu ngumu kama jiwe. Barafu hiyo ikizidi unene haiwezi kukaa mahali pamoja. Uzito wake mwenyewe huivuta, nayo huanza kushuka bondeni polepole, pengine kadiri ya unene wa kidole kwa siku, pengine zaidi. Mtu aitazamaye kwa saa moja atasema imesimama. Lakini akitia alama leo na kurudi baada ya mwaka, ataona alama imehama. Ndiyo sababu huitwa mto. Kule chini kwenye joto, barafu huyeyuka kuwa maji, na mto wa maji huanzia hapo.

Mito ya namna hii iliyo mikubwa kabisa iko kwenye ncha za dunia, kaskazini ya mbali na kusini ya mbali, ambako jua halipandi juu. Katika bara la Antaktika uko mmoja ambao urefu wake wapita maili 200. Huo wa Speke, ukilinganishwa na hiyo, ni kama Mirongo mbele ya Nile. Ajabu yake ni mahali ulipo: karibu kabisa na ule mstari wa katikati ya dunia uitwao Ikweta, na chini yake ziko nchi za migomba na mihogo. Katika Afrika yetu ni milima mitatu tu iliyobeba mito ya barafu katika nyakati zetu, nayo ni Kilimanjaro, Kenya na Ruwenzori.

Sasa na turudi Mwanza. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walitoka pwani kwenda bara kutafuta maziwa makubwa waliyosikia habari zake kwa wafanya biashara Waarabu na Waswahili. Mwezi wa Februari 1858 walifika Ujiji wakaliona Ziwa Tanganyika. Waliporudi Kaze, ndipo Tabora, Burton alikuwa mgonjwa. Speke akaomba ruhusa kwenda kaskazini peke yake na watu wachache, maana Waarabu wa Kaze walisema kwamba upande ule liko ziwa jingine kubwa kuliko lile la kwanza. Akaondoka mwezi wa Julai. Pamoja naye alikuwako Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni na kuuzwa mpaka Bara Hindi, kisha akapata uhuru wake na kurejea Unguja. Yafaa tumkumbuke Bombay, maana Speke hakujua Kiswahili vema wala Kiarabu. Kila neno aliloambiwa na wenyeji lilipita kwanza katika kinywa cha Bombay, naye humgeuzia kwa Kihindi alichojifunza utumwani.

Tarehe 3 Agosti 1858, Speke alipanda kilima hapa petu akaliona ziwa limetandaa mbele yake hata upeo wa macho. Mtawala wa hapa alikuwa Mahaya, naye alimpokea vema. Palikuwako na mfanya biashara Mwarabu, jina lake Mansur. Speke akauliza urefu wa maji yale kwa upande wa kaskazini. Hakupata mtu ambaye amefika mwisho wake. Mmoja akamjibu kwamba labda yanafika mwisho wa dunia. Wenyeji waliyaita maji hayo Nyanza, yaani ziwa. Speke akaongeza mbele yake jina la malkia wake, na tangu hapo ramani za Ulaya zikaandika Victoria Nyanza.

Jambo moja alilolifanya Speke latupasa kulifahamu, kwani lilikuwa la maarifa. Alichemsha maji akatia kipimajoto. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri nchi inavyoinuka. Hivyo kwa kusoma kipimajoto mtu aweza kukisia yuko juu kiasi gani kupita usawa wa bahari. Hesabu yake ikamwonyesha kwamba ziwa letu liko juu sana, zaidi ya futi 3,500. Akasema moyoni, maji haya hayana budi kushuka mahali. Na kwa kuwa ni mengi hivi, na yako juu hivi, na yaelekea kaskazini, bila shaka ndiyo mama wa Mto Nile. Aliamini hivyo akiwa amekaa Mwanza siku chache tu, wala hajaona tone moja likitoka ziwani.

Alipomrudia Burton na kumwambia, Burton hakukubali, akasema kwamba hayo ni makisio. Na kweli yalikuwa makisio, ingawa yalikuwa sawa. Tangu siku ile urafiki wao ukaingia ufa. Speke akaja tena na James Augustus Grant katika safari ya mwaka 1860 mpaka 1863, na tarehe 28 Julai 1862 aliona kwa macho yake maji yakitoka ziwani mahali pa Jinja, kwenye maporomoko aliyoyaita Ripon. (Maporomoko hayo leo hayaonekani, yalifunikwa na maji ya bwawa lililokamilika mwaka 1954.) Hata hivyo hakuufuata mto ule hatua kwa hatua, na wapinzani wake walipata nafasi ya kusema. Ukawekwa mkutano katika mji wa Bath, Uingereza, ili Burton na Speke wahojiane mbele ya wataalamu tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla yake, Speke alipokuwa akiwinda kware, bunduki yake mwenyewe ililia akafa. Alikuwa na umri wa miaka 37. Basi alikufa huku neno lake likibishiwa.

Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1875, Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa lote kwa mashua yake iliyoletwa vipande vipande kutoka Ulaya, akaona kwamba ni ziwa moja, wala si madimbwi mengi kama wengine walivyodai, na ya kuwa maji yake hutokea Jinja. Speke alikuwa amesema kweli. Stanley akaiita ghuba iliyo mashariki ya Mwanza, kati ya nchi ya Usukuma na kisiwa cha Ukerewe, Ghuba ya Speke, na jina hilo liko katika ramani hata leo. Hiyo ndiyo mara ya kwanza jina lake kuandikwa juu ya maji ya nchi yetu. Mara ya pili lilikwenda kuandikwa juu ya barafu.

Na tuifikie sasa milima yenyewe. Ruwenzori hujificha. Siku nyingi za mwaka wingu huifunika, hata msafiri aweza kukaa chini yake juma zima asijue kwamba iko. Wazungu wa kale walisoma katika maandishi ya Kiyunani, yaliyobeba jina la Ptolemy, kwamba Mto Nile hunyweshwa na theluji ya Milima ya Mwezi. Lakini wengi waliicheka habari ya theluji katika nchi ya jua. Mwaka 1888 ndipo watu wa msafara wa Stanley walipoiona. Mwezi wa Aprili wawili wao, Jephson na Parke, waliona weupe mbali juu ya mawingu. Na tarehe 24 Mei Stanley mwenyewe aliuona, akaandika jina Ruwenzori.

Lakini wenyeji, yaani Wakonzo, hawakungoja mwaka 1888 ili waione. Waliishi katika mabonde yake, wakalima mitelemko yake, wakawinda katika misitu yake. Wao huita milima hiyo Rwenzururu, jina lenye maana ya mahali pa theluji, kwa kuwa theluji katika lugha yao ni *nzururu*. Katika imani yao ya asili, juu kule kwenye weupe ndiko akaako Kitasamba, mwenye milima, na mtu hapandi huko kwa mchezo. Msikilizaji atafakari jambo hili: wakati wataalamu wa Ulaya wakibishana kama theluji yaweza kuwako katika Afrika ya kati au haiwezi, walikuwako watu wenye neno la kuiita, na neno hilo limo ndani ya jina la milima yenyewe.

Aliyegawa majina ya vilele na barafu alikuwa Mwitalia, Luigi Amedeo wa Savoia, Duke wa Abruzzi, jamaa wa mfalme wa Italia. Huyu alikuwa mtu wa baridi. Mwaka 1899 alikwenda na merikebu iitwayo Stella Polare mpaka Visiwa vya Franz Josef, kaskazini ya mbali, ili ajaribu kufika kwenye ncha ya dunia. Kule baridi ilimwuma mikono, akapoteza sehemu za vidole vyake. Hivyo hakuweza kwenda mbele, akamtuma nahodha Umberto Cagni. Cagni na wenzake waliburuta magari ya barafuni yavutwayo na mbwa, na tarehe 25 Aprili 1900 wakafika mahali ambapo hapajafikiwa na mtu mwingine aliyeandikwa katika vitabu, ingawa si kwenye ncha yenyewe. Watu watatu wa msafara ule walipotea katika barafu wasionekane tena.

Miaka sita baadaye Duke alikuja Uganda pamoja na Cagni yule yule, na mpiga picha Vittorio Sella, na viongozi wa milimani kutoka Alpi. Msafara uliingia kwa bonde la Mto Mubuku. Wakonzo, waliozoea njia za matope na baridi ya usiku, ndio waliochukua mizigo kupanda mpaka kwenye kambi ya Bujongolo chini ya jabali kubwa. Tarehe 18 Juni 1906 Duke alifika juu ya kilele kirefu kuliko vyote, futi 16,763, akakiita Margherita, jina la malkia wa Italia. Katika majuma yaliyofuata walipanda vilele vingine, wakapima, wakapiga picha, wakachora ramani iliyo bora kuliko zote zilizotangulia.

Ndipo ikaja kazi ya kutaja majina. Duke aliona kwamba Ruwenzori si mlima mmoja, bali ni milima sita yenye barafu, na kati yake mabonde. Akaipa milima hiyo majina ya watu waliotangulia kutafuta habari za Nile na maziwa yake. Mrefu kuliko yote akauita Stanley. Wa pili, ambao kilele chake kina futi 16,042, akauita Speke. Mwingine Baker, aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864. Mwingine Emin, yule Emin Pasha aliyejenga boma la Bukoba mwaka 1890. Mwingine Gessi, Mwitalia aliyelizunguka Ziwa Albert mwaka 1876. Wa sita aliuita kwa jina la Joseph Thomson, Mskoti aliyepita katika nchi ya Wamasai. Lakini Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikaomba mlima huo upewe jina la Duke mwenyewe, nao ukaitwa Luigi di Savoia. Na mto wa barafu ulioshuka katika ubavu wa mlima wa Speke ukachukua jina la mlima wake, kama mtoto achukuavyo jina la baba.

Hivyo twaona jinsi jina lilivyosafiri. Mtu mmoja alisimama Mwanza mwaka 1858 akakisia jambo, akabishiwa akafa, ikaonekana alisema kweli, na mtu wa taifa jingine, ambaye hakuwa na deni kwake, akaliweka jina lake mahali pa juu miaka 42 baada ya kufa kwake. Twamsifu Duke kwa hilo. Mtu aliyepanda kwa miguu yake mwenyewe angeweza kuandika jina lake juu ya kila jiwe. Yeye alianza na wale waliomtangulia.

Lakini sifa hiyo isitufumbe macho. Kule Visiwa vya Franz Josef, Duke na wenzake walipita katika nchi isiyo na wenyeji. Hakuna mzee wa kuulizwa, hakuna mji, hakuna wimbo. Mtu akiona kisiwa au mto wa barafu katika nchi ya namna ile, hana budi kubuni jina, maana asipobuni ramani yake itakuwa tupu na wafuatao watapotea. Desturi hiyo ni njema mahali pake. Ruwenzori haikuwa Visiwa vya Franz Josef. Chini ya barafu yake moshi ulikuwa ukipanda kutoka nyumba za watu, na watu hao ndio waliobeba mizigo ya mgawa majina. Kabla ya mwaka 1906 wasafiri walikwisha kuandika majina ya wenyeji kama Kiyanja na Duwoni, ila hawakupatana ni kilele kipi chenye jina lipi, kwa kuwa mawingu yaliwapoteza na kila mmoja aliona kutoka upande wake. Duke alitafuta ramani safi isiyo na mashaka, akayaacha. Ramani ikanyoka, na majina ya wenyeji yakabaki pembeni.

Tena, tazameni ni nani aliyetajwa na ni nani asiyetajwa. Kati ya viongozi wa Duke walikuwako wawili, César Ollier na Joseph Brocherel, watu wa kazi kutoka vijiji vya milima ya Alpi. Hao hao walikuwa wamempandisha Mwingereza Halford Mackinder juu ya Mlima Kenya mwaka 1899, na mito miwili ya barafu ya mlima ule ikaitwa Cesar na Joseph. Basi ilijulikana tangu hapo kwamba jina la mtumishi laweza kuandikwa juu ya barafu kama jina la bwana. Lakini hatuoni katika Ruwenzori mto wa barafu wa Bombay, ambaye masikio yake na ulimi wake ndivyo vilivyompa Speke habari za Nyanza. Bombay huyo alikwenda na Speke safari zote mbili, akaandamana na Stanley kumtafuta Livingstone mwaka 1871, kisha akavuka bara zima pamoja na Cameron mpaka bahari ya magharibi. Walimpa nishani ya fedha, na mwishowe fedha za uzeeni. Akafa mwaka 1885. Hatuoni pia jina la Mkonzo hata mmoja kati ya wale waliopanda mpaka Bujongolo miguu mitupu.

Hatusemi haya ili jina la Speke lifutwe. Wakonzo wenyewe hawakulingoja lifutwe. Waliendelea kuiita milima yao Rwenzururu, na jina hilo likawa la ufalme wao, ambao serikali ya Uganda iliutambua mwaka 2009. Jina la kigeni likakaa katika ramani, jina la asili likakaa katika vinywa, na yote mawili yako hai. Tunalotaka ninyi wanafunzi mlishike ni hili: mkiona jina katika ramani, msilipite kama mtu apitaye jiwe la njiani. Ulizeni nani alilitoa, alitaka kumheshimu nani, na wakaao pale walipaita nini. Mwenye kuuliza maswali hayo matatu atasoma historia mahali ambapo wengine huona wino tu.

Sasa limebaki jambo moja, nalo ndilo lililotufanya tuchague habari hii. Mto wa barafu wa Speke unakufa. Duke alipopima mwaka 1906, barafu yote ya Ruwenzori ilikuwa yapata kilometa za mraba 6 au 7. Wataalamu walipopima tena mwaka 2003, waliona kwamba haifiki kilometa ya mraba moja, na tangu hapo imezidi kupungua. Sababu iliyo kubwa ni joto la dunia lililoongezeka. Theluji iangukayo haitoshi tena kulipa barafu iyeyukayo, kama mtu atumiaye kuliko anavyopata. Mto wa Speke, uliokuwa mmoja wa mikubwa katika milima ile, umekatika vipande vidogo vilivyolala juu ya mwamba bila kusogea. Nasi tulikwisha sema kwamba barafu huitwa mto kwa sababu hutembea. Ile isiyotembea ni mabaki ya mto.

Je, sisi wa Mirongo yatuhusu nini? Fuateni maji kwa kidole katika ramani. Barafu ya Speke huyeyuka ikaingia Mto Bujuku, Bujuku ukaingia Mubuku, na Mubuku ukaingia Ziwa George. Kutoka huko maji hupita mfereji wa Kazinga mpaka Ziwa Edward, kisha yakashika Mto Semliki hata Ziwa Albert. Maji ya Mirongo nayo huingia katika Nyanza letu, yakatokea Jinja, yakapita Ziwa Kyoga, yakaanguka kwenye maporomoko ya Murchison, na mwisho wake yakafika Ziwa Albert lile lile. Humo maji ya barafu yenye jina la Speke hukutana na maji ya ziwa alilolitazama Speke, na yote pamoja huitwa Nile. Yeye mwenyewe hakujua jambo hilo. Alikufa kabla mtu hajachora njia ile ya kwanza.

Hatuogopi kwamba Nile itakauka barafu ikiisha. Maji yake mengi hutoka katika mvua, na barafu ya Ruwenzori ni tone katika mtungi. Hasara ni ya namna nyingine. Wakonzo watatazama juu na kuona mwamba mweusi mahali pa *nzururu*, na watoto wao watauliza kwa nini milima yaitwa hivyo. Na katika ramani litabaki jina la Mwingereza juu ya kitu kisichokuwako. Itakuwa juu ya wazee kueleza kwa maneno kile ambacho macho hayakioni tena.

Kwa hiyo, enyi wanafunzi, waulizeni wazee wenu majina ya vijito na vilima vya kwenu, na sababu ya kila jina, kisha yaandikeni katika daftari. Msiseme kwamba kijito chetu ni kidogo, hakina habari. Mto wa barafu wa Speke nao ni mdogo, na mmesikia habari zake zilivyokuwa ndefu. Anzeni na Mto Mirongo.